Viazi vimeota ndani ya nyumba, shamba liko mbali: tufanye nini na magunia?

Wandugu wanachama, wamama na wababa wa ma koperative ya Butembo na Beni,

Tangu mvua irudi, swali moja linatufuata katika kila mkutano. Viazi vimeota chini ya kitanda, njia ya kwenda ku shamba haipitiki, je, hatuwezi kuvipanda ndani ya magunia hapa hapa ku parsele? Tunasema viazi vya kizungu, ile pomme de terre. Viazi vitamu tutavigusa mwishoni, kwa ajili ya wandugu wa Beni.

Tunajua swali hili linatoka wapi. Mwishoni mwa Juni 2024 vita ilifika Kanyabayonga, Kayna na Kirumba, na wakulima wengi wa kusini ya Lubero walipanda na familia zao mpaka Lubero, Butembo, wengine mpaka Beni. Upande wa Beni, tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia yamefanya watu waogope mashamba ya mbali. Mtu anayekimbia na watoto habebi gunia la kilo 100. Anabeba kikapu. Akifika, familia inakula viazi vikubwa, vidogo vinabaki kwenye kona ya nyumba, na kisha wiki chache viko na macho marefu, meupe, kama minyoo. Hicho kikapu njo kile kilichobaki cha shamba lote.

Jibu letu ni ndiyo, pandeni. Lakini gunia halitalisha nyumba, na tunaomba mtu yeyote asiwadanganye juu ya hilo. Gunia ni la kuokoa mbegu. Tupige hesabu pamoja. Gunia moja linachukua viazi vitatu vya mbegu, kila kimoja kama yai la kuku, gramu 50 hivi. Kila mmea ukikaa vizuri utakupa viazi sita mpaka nane. Kwa hiyo gunia moja linatoa kama viazi 20 vidogo, kilo moja, pengine moja na nusu. Magunia 20 yanatoa viazi 400. Familia ya watu wanane itavimaliza kwa siku chache tu. Lakini viazi 400 ni mbegu ya kutosha shamba la mita 10 kwa 10, ukipanda kwa mistari ya sentimita 80 na sentimita 30 kati ya mimea. Na ulianza na viazi 60, yaani kilo tatu. Mtu anayerudi kwake na kilo 20 za mbegu safi harudi mikono mitupu. Yule aliyekula zile kilo tatu atanunua mbegu ku soko, bila kujua inatoka shamba gani na inabeba ugonjwa gani.

Ndani ya nyumba ni kwa kuotesha tu

Kuna watu wanafikiri kiazi kinaweza kukaa ndani ya nyumba tangu kupandwa mpaka kuvunwa. Hapana. Majani yanataka jua, saa sita kwa siku au zaidi. Nyumba inasaidia mwanzoni, kwa kuotesha, na pale watu wengi wanaharibu kwa sababu wanaficha mbegu gizani. Kiazi cha gizani kinatoa chipukizi refu, jeupe, dhaifu, linalovunjika ukiligusa. Kila chipukizi linalovunjika limekula nguvu ya kiazi bure.

Panga mbegu kwenye kitu kilichoinuka: ubao, kitanda cha miti, kikapu kipana, katoni ya mayai. Safu moja au mbili, zaidi ya tatu hapana. Weka karibu na dirisha au chini ya baraza, fazi inayopata mwanga na hewa lakini jua lisichome na mvua isipige. Mwanga wa namna hiyo unafanya chipukizi likae fupi, nene, la kijani au zambarau. Likifika sentimita moja au mbili, mbegu iko tayari. Huko Ulaya, mwezi wa pili, wakati theluji bado iko nje, watu wanapanga mbegu karibu na dirisha hivi hivi, macho juu, wakingoja baridi iishe. Sisi theluji yetu ni ile ya Ruwenzori, tunaiona kwa mbali asubuhi mbingu ikiwa safi. Wao wanangoja baridi, wewe unangoja usalama, lakini kiazi hakijui tofauti.

Ngozi ya mbegu itageuka kijani kwa sababu ya mwanga. Kwa mbegu hiyo ni nzuri, inakuwa ngumu na wadudu hawaipendi sana. Kwa chungu ni hatari. Kiazi cha kijani kiko na sumu ambayo moto wa jikoni hauimalizi. Waambieni watoto, na msiwape mbuzi wala nguruwe. Na kama mbegu imekwisha kutoa macho marefu meupe, usiitupe kama ingali ngumu ukiifinya. Toa macho yote kwa vidole, iweke kwenye mwanga, itatoa mengine. Itakuwa imepungukiwa nguvu, lakini itazaa. Ile iliyolegea na kukunjana kama ngozi ya mzee, hapo hakuna tena cha kuokoa.

Kiazi kidogo si lazima mbegu nzuri

Hapa tunataka kukaa kidogo, maana njo pale mbegu yetu ya Kivu inapopotea, vita au hapana vita. Desturi yetu ni kuuza vikubwa, kula vya katikati na kupanda vidogo. Lakini ku shamba, ni mmea gani unazaa vidogo vingi? Mara nyingi ni ule mgonjwa, ule wenye majani yaliyojikunja au yenye madoa ya manjano, ambao virusi vimeuchosha. Ukichukua vidogo bila kujua mama yao, kila msimu unachagua wagonjwa. Baada ya misimu minne, mitano, unasema udongo umechoka. Udongo pengine umechoka kweli, lakini mbegu ndiyo ilichoka mbele.

Gunia linakupa nafasi ya kurudisha mbegu nyuma kwenye njia nzuri, kwa sababu unaona kila mmea kila siku. Karibu na wakati wa maua, funga kitambaa chekundu kwenye magunia ambayo mimea yake ni mirefu, kijani, majani yamefunguka vizuri. Rudi kisha wiki mbili uangalie tena. Gunia lililogeuka, toa kitambaa. Siku ya kuvuna, mbegu itoke kwenye magunia ya kitambaa peke yake, na mengine yaende jikoni. Wakulima wa Kenya wamefundishwa kufanya hivyo ku shamba na vijiti, na mavuno yao yalipanda bila kununua mbegu mpya. Gharama yake ni kitambaa.

Ugonjwa mwingine ni mbaya zaidi: ule wa kunyauka, unaoletwa na bakteria. Mmea uko kijani asubuhi, mchana umelala kama umemwagiwa maji ya moto, jioni unainuka kidogo, na kisha siku chache umekufa. Ukikata kiazi chake unaona mviringo wa rangi ya udongo ndani, na ukikifinya kinatoa usaha mweupe. Kujua kwa hakika ni rahisi: kata kipande cha shina karibu na udongo, kishike wima ndani ya glasi ya maji safi bila kukitikisa. Kama ni huo ugonjwa, ndani ya dakika chache utaona uzi mweupe kama maziwa ukishuka toka kwenye shina.

Ku shamba ugonjwa huu unafuata maji na majembe, mstari kwa mstari. Gunia, likitunzwa vizuri, ni kama shamba lenye ukuta wake. Gunia moja likiugua, unapoteza moja, kumi na tisa yanabaki. Lakini ukuta huo unashikilia tu kama maji ya gunia moja hayaingii kwenye lingine. Kwa hiyo weka kila gunia juu ya mawe au matofali mawili matatu, na kama parsele iko kwenye mteremko, kama zilivyo parsele nyingi za Butembo, usiyapange moja chini ya lingine. Yapange kwa mstari unaokata mteremko. Gunia lililonyauka, litoe lote, mmea, viazi na udongo, ulizike ndani ya shimo refu mbali na bustani na mbali na njia ya maji. Kwenye mbolea ya takataka hapana, hata kidogo. Kisha nawa mikono na kisu kwa maji ya javel.

Udongo na gunia

Udongo utoke fazi ambayo kwa miaka mitatu au minne haikuota viazi, tomati, biringanya, pilipili wala tumbaku, kwa maana hizo zote ni ukoo mmoja na zinagawana magonjwa. Udongo uliolala chini ya matete, au ule wa mahindi ya zamani, unafaa. Uchimbe upande wa juu wa kilima kuliko mashamba ya viazi, usiuchimbe chini yake, maana mvua inashusha ugonjwa. Na msiende kuuchukua ndani ya mipaka ya Parc ya Virunga. Changanya ndoo mbili za udongo huo, ndoo moja ya mbolea ya mbuzi, sungura au kobayi iliyooza kabisa (ukiishika haina tena moto wala harufu), na ndoo moja ya mchanga wa mto au udongo mwepesi. Majivu, konzi moja kwa gunia inatosha. Yakizidi, ngozi ya viazi inaota upele.

Kama hakuna udongo wa kuaminika, unaweza kuupika kwa mvuke. Chukua nusu ya pipa la chuma, weka maji vidole vinne chini, tandika miti na gunia juu ya maji, jaza udongo, funika, washa moto. Katikati ya udongo fukia kiazi kibichi cha kula. Siku kiazi kimeiva, udongo nao umeiva. Tunasema wazi kwamba kazi hii inakula kuni mingi. Gunia moja linataka bidoni moja na nusu ya lita 20, magunia 20 yanataka bidoni 30. Kwa mtu peke yake tunaona haifai. Kama koperative inapika pamoja mara moja kwa msimu, tunaweza kuongea.

Gunia liwe la kilo 50, lile la mchele au la unga, jeupe. Lile jeusi linachemka juani. Lile lililobeba mbolea ya duka au mbegu zenye dawa liachwe. Tumia msumari wa moto kutoboa matundu kumi hivi chini na pembeni karibu na chini. Kunja mdomo wake mpaka libaki fupi, jaza udongo sentimita 20, laza viazi vitatu macho yakitazama juu, ongeza sentimita 10. Usikate mbegu vipande. Kisu kikipita kwenye kiazi kigonjwa kinagawia wengine wote.

Shina likifika sentimita 20 mpaka 25, fungua mkunjo kidogo na uongeze sentimita 10 za udongo, majani ya juu yabaki nje. Rudia mara moja tena, basi. Kuna maneno yanazunguka kwamba ukiendelea kujaza mpaka gunia lisimame kama mtu, viazi vitazaa kwa ghorofa, safu juu ya safu. Aina tulizonazo hazifanyi hivyo. Zinazaa karibu na pale mbegu ililala na kidogo juu yake. Udongo wa ziada unafunika viazi visigeuke kijani, na zaidi ya pale ni kubeba udongo bure.

Baraza, maji na mildiu

Faida ya kuwa karibu na nyumba tunaiona zaidi wakati wa mvua nyingi. Mildiu, ule ugonjwa unaochoma majani na kuyaacha meusi, na ambao mwaka 1845 ulianza kumaliza viazi vya Irlande na kuleta njaa kubwa, unapenda baridi na majani yaliyolowa. Jani likikauka haraka, ugonjwa unakosa njia. Gunia likiwa chini ya ukingo wa mabati, upande wa mashariki, linapata jua la asubuhi na majani hayapigwi na mvua ya alasiri. Mwagilia udongo, usimwagilie majani. Acha hatua moja kati ya magunia, hewa ipite. Ukiona jani lenye doa la majimaji lenye ukungu mweupe chini yake, likate na ulichome siku ile ile. Kwa magunia 20 kwenye uwanja ambapo watoto wanacheza na chungu kinapikwa, hatushauri kupiga dawa. Aliye na mamia ya magunia na anataka kutumia mankozebu aongee kwanza na agronomu wa koperative, juu ya kipimo, juu ya nguo, na juu ya siku za kungoja mbele ya kuvuna.

Maji ni jambo lingine, na wamama wa Butembo wanalijua kuliko sisi. Gunia linakauka haraka kuliko shamba. Ingiza kidole mpaka kiungo cha pili. Kama udongo wa pale umekauka, mwaga lita mbili. Magunia 20 ni bidoni mbili, na wakati mvua imesimama, kila siku mbili. Mtu anayepandisha bidoni kwenye kilima ahesabu hilo mbele ya kuamua idadi ya magunia. Saba yaliyotunzwa ni bora kuliko 20 yaliyokauka. Maji ya kuoshea lenga-lenga au sombe yanafaa. Maji yaliyooshea viazi vya soko hapana kabisa, maana yanaweza kubeba bakteria ya kunyauka moja kwa moja mpaka kwenye mbegu yako. Maganda yake vile vile, usiyatupe ndani ya gunia eti ni mbolea.

Kisha miezi mitatu, minne kwa aina kama Kinigi, majani yanaanza kuwa ya manjano. Acha kumwagilia. Kata mashina, ngoja wiki mbili ngozi ikomae, kisha mwaga gunia siku ya ukavu. Mbegu inarudi kwenye ubao wa mwanga, inalala miezi miwili au mitatu, halafu inaota tena. Iliyovunwa Desemba itakuwa karibu tayari kwa mvua za Machi. Wale wenye Cruza 148 wakumbuke kwamba inavumilia kunyauka. Ni nguvu yake, lakini pia ni mtego: mmea unaweza kubeba bakteria ukiwa bado unapendeza. Hapo jaribio la glasi lifanyike hata kwenye shina linaloonekana zima.

Kwa wandugu wa Beni

Ikweta inapita kati ya Butembo na Lubero, basi kwetu baridi inatoka kwenye urefu wa mlima, haitoki kwenye mwezi wa kalenda. Butembo iko kwenye mita zaidi ya 1,700. Beni iko kwenye 1,100 na kitu. Kiazi cha kizungu kinataka usiku wa baridi ili kiingize chakula chini. Usiku ukikaribia digrii 20, majani yananenepa na chini unakuta marumaru. Joto pia linaamsha bakteria ya kunyauka. Kwa sababu hiyo tunawaomba msitengeneze mbegu Beni, Oicha wala Mangina. Jaribuni gunia moja au mawili kwa kula, hakuna ubaya. Lakini mbegu ishuke toka juu kwenda chini, isipande tena. Ndugu aliyekimbilia Beni na kikapu chake cha Lubero, na anayo familia au koperative Butembo, Kyondo au Musienene, afadhali ampelekee huko amwoteshee, na waandikiane.

Gunia la Beni litumieni kwa viazi vitamu, hasa vile vya rangi ya machungwa ambavyo vinasaidia macho ya watoto. Kata kamba za sentimita 25, panda sita au saba ndani ya gunia lile lile na kwenye matundu ya pembeni, na kisha wiki sita hivi mnakata kamba mpya za kupanda. Kamba haitaki baraza, inataka maji tu, na ikiwa mtu atalazimika kuondoka tena usiku, fungu moja la kamba ni jepesi kubeba.

Daftari la koperative

Kwa msimu huu tunapendekeza kila koperative ifungue daftari moja la mbegu za magunia. Iandikwe: jina la mwanachama, viazi vingapi alipokea, vinatoka wapi, magunia mangapi, na mangapi yalitolewa kwa sababu ya kunyauka. Anayepokea viazi 60 arudishe 120 wakati wa kuvuna, vyote vya magunia ya kitambaa, na vile 120 viende kwa wanachama wawili ambao hawakupata. Kwa mwanachama ambaye magunia yake yaliugua na akayazika mbele ya kamati, deni lifutwe. Tukimdai, mwingine ataficha ugonjwa wake, na mbegu mgonjwa itaingia kwenye daftari lote.

Kamati ipite kwenye parsele mara mbili: wakati wa maua, na wiki moja mbele ya kukata mashina. Ije na glasi, kisu, chupa ya javel na daftari.